Neno moja ndani ya faili: madai ya Bi R. kwa serikali ya Ujerumani, 1957 hadi 2015

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria, na kwa yeyote anayekaa na mzee kumjazia fomu ya madai. Jina la mdai limefichwa, na mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha yeye au jamaa zake yamebadilishwa. Sheria, viwango vya fedha na hukumu za mahakama nimeziacha kama zilivyo.

Bi R. alikuwa Myahudi wa Poland aliyenusurika geto, yaani mtaa wenye uzio ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi wakati wa vita, na kambi mbili za mateso. Alipeleka madai mara tatu. Mara mbili za kwanza alisema kwamba alilazimishwa kufanya kazi, akalipwa. Mara ya tatu alisema hayo hayo, akanyimwa.

Alikotoka

Alizaliwa katika mji wa Łódź, Poland, katikati ya mwaka 1929. Jeshi la Ujerumani liliingia mjini Septemba 1939, mji ukapewa jina jipya la Litzmannstadt, na tarehe 30 Aprili 1940 geto likafungwa likiwa na watu wapatao 160,000 ndani. Kwa upande wa Wajerumani, msimamizi alikuwa Hans Biebow. Ndani ya uzio alikuwepo Chaim Rumkowski, mkuu wa Wayahudi aliyewekwa na Wajerumani hao hao, ambaye aliamini kwamba geto likiwa na faida kwa jeshi, watu wake wataachwa hai. Zikafunguliwa karakana za kila namna: za nguo, ngozi, mbao na majani makavu. Geto lilikuwa hata na noti zake, ambazo nje ya uzio hazikuweza kununua chochote.

Bi R. aliingia karakana ya viatu vya majani makavu mwaka 1941, akiwa na miaka 12. Vilikuwa viatu vipana ambavyo askari wa Kijerumani walivivaa juu ya buti wakiwa lindoni wakati wa baridi. Kazi yake ilikuwa kusuka misuko mirefu ya majani, kisha kuizungusha na kuishona mpaka itoke soli. Aliyewahi kusuka ukili na kuushona mkeka atapata picha ya kazi yenyewe, isipokuwa kwamba majani haya yalikuwa yamekauka na yalikata vidole, na chumba hakikuwa na moto.

Kazi ile hakuikuta barabarani. Mama yake alimwendea jamaa aliyemfahamu msimamizi wa karakana, akambembeleza, na kwenye karatasi binti akaongezewa miaka 2 ili aonekane amezaliwa 1927. Mchana alipewa supu kwa kuponi. Mwisho wa juma alipokea noti chache za geto, na mama alizitumia kulipia mgao wa mkate. Hayo yote yatakuja kuwa na uzito mkubwa, na miaka zaidi ya 60 ilipita kabla mtu yeyote hajamuuliza.

Septemba 1942 Wajerumani walidai watoto wa chini ya miaka 10, wazee wa zaidi ya miaka 65 na wagonjwa. Kwa siku chache watu zaidi ya 15,000 walisombwa hadi kambi ya mauaji ya Chełmno na kuuawa kwa gesi. Baada ya hapo hakuna mzazi aliyehitaji kuelezwa maana ya kitambulisho cha kazi.

Geto lilivunjwa Agosti 1944. Bi R. na mama yake walipelekwa kambi ya Auschwitz, na mama hakuvuka mchujo wa pale pale kituoni, uliowatenga wa kuuawa na wa kuachwa hai. Binti alipelekwa kambi ya Stutthof, na mwanzoni mwa Mei 1945 askari wa Uingereza wakamkuta karibu na Bahari ya Baltiki. Aliishi katika kambi ya watu waliopoteza makazi huko Bergen-Belsen hadi 1949, akahamia New York, akafanya kazi kiwanda cha nguo mpaka alipostaafu.

Dai la kwanza, 1957

Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria ya fidia kwa waliodhulumiwa na Wanazi mwaka 1953, ikaifanyia marekebisho makubwa mwaka 1956. Haikumhusu kila mtu. Wayahudi wa mashariki walilazimika kuonyesha uhusiano fulani na ardhi ya Ujerumani, na mojawapo ya milango iliyokubalika ilikuwa kuwepo katika kambi ya watu waliopoteza makazi nchini humo tarehe 1 Januari 1947. Bi R. alipita kwa mlango huo. Jirani yake aliyeteseka naye lakini akarudi Poland baada ya vita hakupata kitu.

Kunyimwa uhuru kulipimwa kwa siku: DM 5 (DM ni marki, fedha ya Ujerumani kabla ya euro) kila siku, yaani DM 150 kwa mwezi. Wakili aliandaa hati ya kiapo kwa Kijerumani, Bi R. akatia sahihi. Iliandikwa kwamba kuanzia 1941 hadi 1944 alilazimishwa kufanya kazi katika karakana ya viatu vya majani. Kwa dai lile, sentensi ilikuwa sahihi na imeandikwa vizuri, kwa sababu kilichokuwa kinapimwa ni kifungo. Alihesabiwa miezi 60, kuanzia Mei 1940 hadi Aprili 1945, akalipwa DM 9,000.

Sehemu ya afya ilishindwa. Pensheni ya afya ilihitaji uwezo wa kufanya kazi uwe umepungua kwa asilimia 25 au zaidi kutokana na mateso, na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi mdogo wa Ujerumani alimpa asilimia 20. Ndoto mbaya na woga wake viliandikwa kuwa ni tabia ya kuzaliwa nayo. Madaktari wengi wa miaka ile waliandika hivyo, na huko huko New York daktari wa akili William Niederland alitumia miaka mingi akiandika ripoti za kuwapinga, faili baada ya faili, mpaka maradhi ya manusura yakapata jina katika tiba. Bi R. hakuwahi kumfikia. Alichukua zile DM 9,000 na kulifunga jambo.

Dai la pili, baada ya 2000

Mwaka 2000 bunge la Ujerumani liliunda mfuko wa DM bilioni 10, nusu kutoka serikalini na nusu kutoka makampuni, kwa ajili ya watu waliotumikishwa wakati wa vita. Wayahudi wengi walipeleka maombi kupitia Claims Conference, jumuiya ya mashirika ya Kiyahudi iliyoundwa New York mwaka 1951 kushughulikia madai kwa Ujerumani. Mfuko huu ulitaka jambo moja tu lithibitishwe: utumwa. Bi R. aliandika tena kwamba alilazimishwa, akataja geto na kambi zote mbili, akapata kiwango cha juu, DM 15,000, sawa na euro 7,669.

Kufikia hapo, kwenye mafaili mawili tofauti, palikuwa na sahihi yake chini ya neno la Kijerumani Zwang, kulazimishwa.

Dai la tatu, Juni 2003

Hapa sheria iligeuka, na inafaa tuende polepole.

Tarehe 18 Juni 1997 mahakama ya juu kabisa ya Ujerumani katika masuala ya hifadhi ya jamii iliamua kesi ya mdai aliyefanya kazi katika geto la Łódź. Ilisema kwamba kazi ya geto inaweza kuwa ajira halisi, na ajira halisi huzaa pensheni ya uzeeni. Mwaka 2002 bunge likapitisha kwa kauli moja sheria ya pensheni za geto, ikirudi nyuma hadi 1 Julai 1997. Aliyeomba kabla ya 30 Juni 2003 kuisha angehesabiwa kana kwamba aliomba siku ile ile ya hukumu ya 1997.

Pensheni si fidia. Pensheni hulipwa kwa sababu mtu alikuwa mfanyakazi. Kwa hiyo sheria iliweka masharti ya mfanyakazi: awe aliishi getoni kwa shuruti, lakini kazi yenyewe awe aliipata kwa utashi wake, na awe alilipwa ujira.

Mpwa wake Bi R. alipata habari hizo wiki chache kabla ya mwisho wa muda. Walikaa mezani jikoni na fomu. Palipoulizwa kama kazi ilikuwa ya kulazimishwa, Bi R. alijibu ndiyo, bila kufikiri mara mbili. Palipoulizwa ujira, alisema hakulipwa, alipata supu tu. Mpwa akaandika kama alivyosikia na kuposti bahasha ndani ya muda.

Uamuzi wa kuomba haraka ulikuwa sahihi kabisa, na baadaye ndio uliomwokoa. Uamuzi wa kujibu bila kueleza ndio uliomponza. Lakini siwezi kumlaumu mama huyu. Mwambie mtu ambaye binamu zake wadogo walichukuliwa Septemba 1942 kwa kuwa hawakuwa na kazi, kwamba yeye alifanya kazi kwa hiari. Ni neno la kuudhi, na alilikataa kwa sababu lilimuudhi.

Kukataliwa, na kesi

Barua ya kukataa ilikuja 2005. Sababu zilikuwa tatu. Kwanza, yeye mwenyewe alitamka kwenye fomu kwamba alilazimishwa, na hati ya kiapo ya 1957 pamoja na maombi ya mfuko wa utumwa vinathibitisha. Pili, supu si ujira bali ni chakula cha kumweka mtu hai. Tatu, mwaka wa kuzaliwa haulingani: karatasi za zamani zinasema 1927, fomu inasema 1929, hivyo maelezo yake yana mashaka.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyomliza. Miaka 2 aliyoongezewa na mama yake ili asife ikasomwa na karani kama dalili ya uongo.

Hakuwa peke yake. Maombi yalikuwa takriban 70,000, na katika duru ya kwanza zaidi ya asilimia 90 yalikataliwa.

Alifungua kesi. Mahakama ya ngazi ya kwanza iliamua kwa karatasi, bila kumwona wala kumsikia, na mwaka 2007 akashindwa. Alikuwa na miezi 3 ya kukata rufaa kwa kuwa anaishi nje ya Ujerumani, na mdai wa pensheni hatozwi ada ya mahakama. Hata hivyo walikaa kikao cha familia wakaamua kuacha. Mshauri wao aliwaambia kwamba msimamo wa mahakama za juu umekwisha kuwa mgumu na rufaa ni kupoteza muda. Mpwa alikuwa amechoka. Bi R. alisema hataki tena kuitwa mwongo na watu asiowajua.

Wakati huo huo, kwingineko

Katika mahakama ya rufaa ya hifadhi ya jamii ya jimbo la North Rhine-Westphalia, mjini Essen, jaji Jan-Robert von Renesse alifanya jambo ambalo wengi hawakulifanya: alisafiri hadi Israel kuwasikiliza wadai ana kwa ana, na akawaagiza wanahistoria waandike ripoti juu ya hali ya kila geto. Ripoti zikaonyesha kilichokuwa wazi kwa yeyote aliyeishi mle. Watu walitafuta kazi, walihonga kupata kazi, walibadilisha karakana, na malipo yalikuja kwa sura nyingi: noti za geto, kuponi, mkate wa ziada, au pesa zilizokwenda kwa baraza la Wayahudi na kurudi kama mgao. Jaji huyo alipata upinzani mkubwa kutoka ndani ya idara yake mwenyewe, na nadhani historia ya madai haya haiwezi kuandikwa bila kumtaja.

Tarehe 2 na 3 Juni 2009 mahakama ya juu ikageuza msimamo. Utashi wa mtu, ikasema, haufutwi na ukweli kwamba asiyefanya kazi alikuwa hatarini. Inatosha kwamba kazi ile hasa hakuburutwa kuifanya chini ya bunduki. Na chakula nacho ni ujira.

Ofisi za pensheni zikafungua upya mafaili yaliyokataliwa. Mwaka 2010 Bi R. akapokea barua ya kukubaliwa, bila kuombwa hati hata moja mpya. Karatasi zilikuwa zile zile. Msomaji ndiye aliyebadilika.

Lakini pensheni ilianzia Januari 2005, si Julai 1997. Sheria ya jumla ya Ujerumani inasema kwamba uamuzi ambao ulishakuwa wa mwisho ukirekebishwa, malimbikizo hurudi nyuma miaka 4 tu. Waliokuwa bado na kesi mahakamani mwaka 2009 walilipwa tangu 1997. Bi R. kesi yake ilikuwa imefungwa tangu kile kikao cha familia.

Hesabu ya 2014

Bunge lilirekebisha hilo: kuanzia 1 Agosti 2014 kila aliyekubaliwa angeweza kulipwa tangu 1 Julai 1997. Barua ilimpa Bi R. chaguo, na chaguo hilo halikuwa rahisi kama lilivyosikika.

Pensheni ya Ujerumani huongezeka kwa asilimia 0.5 kwa kila mwezi ambao mtu hakuichukua baada ya kutimiza umri wa kustaafu, ambao kwa kizazi cha Bi R. ulikuwa miaka 65. Bi R. alitimiza 65 katikati ya 1994. Kwa kuanza Januari 2005 alikuwa amechelewa miezi 126, hivyo alipata nyongeza ya asilimia 63. Akirudishwa Julai 1997, kuchelewa kunakuwa miezi 36 na nyongeza asilimia 18. Kwa maneno mengine, palipokuwa na euro 163 kila mwezi panabaki 118.

Tuipige hesabu kwa namba hizo, bila riba na bila nyongeza za kila mwaka. Miezi 90 ya malimbikizo kwa euro 118 ni euro 10,620. Toa euro 45 za ziada alizokwisha kupokea kila mwezi tangu Januari 2005 hadi Julai 2014, miezi 115, yaani euro 5,175. Zinabaki euro 5,445 mkononi. Baada ya hapo anapoteza euro 45 kila mwezi, na itachukua miezi 121, miaka 10 kamili na mwezi mmoja, kabla hasara haijaimeza faida. Alikuwa na miaka 85.

Alichagua malimbikizo. Kwa umri wake nadhani alichagua vizuri. Angekuwa na miaka 75 ningemshauri afikiri upya. Fedha zilifika 2015.

Kilichofanya kazi, kilichoharibika

Tarehe ya maombi ilimbeba. Kuposti fomu yenye majibu mabaya kabla ya 30 Juni 2003 kulimfaa kuliko kuposti fomu nzuri mwezi wa Julai. Majibu yanaweza kufafanuliwa baadaye. Muda ukipita umepita. Mpwa wake, ambaye hakuwa na mafunzo yoyote ya sheria, alilifahamu hilo kuliko baadhi ya mawakili.

Rufaa iliyoachwa ndiyo hasara kubwa zaidi ya kuzuilika. Haikuhitaji ada. Hata ingeshindwa katika ngazi ya pili, ingeweza kubaki hai mpaka 2009, na Bi R. angelipwa tangu 1997 akiwa na miaka 80 badala ya kusubiri mpaka 86. Mshauri hakudanganya kuhusu hali ya mahakama mwaka 2007. Alikosea kudhani kwamba hali ya leo ndiyo ya kesho, wakati maelfu ya kesi za aina ile ile zilikuwa bado zinasukumana. Palipo na kesi nyingi zinazofanana, kazi ya kwanza ni kuzuia faili lisifungwe.

Kisha lipo neno lenyewe. Wengine husema Bi R. alitakiwa mwaka 2003 aandike tu kwamba alifanya kazi kwa hiari. Sikubali. Kwanza, lingegongana na sahihi zake mbili za zamani, na ofisi ilizisoma zote. Pili, halikuwa kweli kwa namna anayoielewa yeye, na msaidizi hana haki ya kumtia mzee maneno mdomoni hata kama yana faida. Njia iliyokuwepo ni karatasi ya maelezo, ukurasa mmoja ulioambatishwa na fomu: kwamba mwaka 1957 aliulizwa kuhusu kifungo, mwaka 2000 kuhusu utumwa, na leo anaulizwa namna alivyoipata kazi, na haya ndiyo yaliyotokea. Hati tatu zingekuwa zinasimulia pande tatu za jambo moja badala ya kugombana.

Pia ilifaa waombe nakala za mafaili ya zamani kabla ya kujaza jipya. Hakuna aliyekumbuka kilichoandikwa 1957. Karani alikikumbuka kwa niaba yao. Nyaraka za geto la Łódź zimehifadhiwa kwa wingi katika hifadhi ya taifa mjini humo, na kumbukumbu za watu waliopita kambini ziko Bad Arolsen nchini Ujerumani. Mwaka wa kuzaliwa wa 1927 ungeelezwa mapema, kwa sentensi mbili, kabla haujageuzwa kuwa shutuma.

Mpwa alinakili baadaye maswali ambayo angependa kuwa nayo mezani siku ile. Nani alikutafutia kazi? Alimwendea nani, na alimpa nini? Ungeweza kuomba karakana nyingine? Kuponi ya supu ilikuwa na umbo gani, na nani aliikata? Zile noti mama alizipeleka duka gani? Alimuuliza Bi R. maswali hayo mwaka 2011, pensheni ikiwa imeshakubaliwa, na mama yule alizungumza mchana mzima. Alikumbuka kwamba kuponi ilitobolewa tundu, na kwamba mpakuaji wa supu akikupenda alichota kutoka chini, penye viazi.